Jiwe la Pakoro

Mzee Okwir alifika Kampala Jumatano asubuhi na mfuko wa simsim begani, na hakuna mtu aliyemuuliza safari ilikuwaje. Aryemo, mke wa mwanawe, alipiga magoti kumwamkia, akaupokea mfuko, akatoka kwenda kupuliza makaa ya sigiri mlangoni. Muzigo wao, nyumba ya kupanga kule Wandegeya, ulikuwa chumba kimoja na pazia. Mgeni akikaa ndani, mwenye nyumba sharti atoke. Ocira, mumewe, alikuwa anafunga kamba za viatu vya upolisi. Alimtazama baba yake, akatazama saa, akasema chai inakuja.

Wote watatu walijua kilichomleta. Jumatatu ndege ndogo ya injini moja, iliyotoka nje kidogo ya Kampala kwenda kuwachukua wageni wa mbugani, ilikuwa imegonga mlima kule Pakoro ndani ya wingu na mvua. Rubani wake, Guerschom, alikuwa peke yake, akafa papo hapo. Mzee Okwir ndiye mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Pakoro. Aryemo ndiye karani wa ofisi yenye ile ndege. Na kila asubuhi ya Mungu, kwa miaka miwili, huyu wa huku alimpigia simu yule wa kule kumuuliza hali ya anga.

Ukiisikia, kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Pakoro hakuna mnara wala mtambo wa kupima chochote. Kuna nyasi zilizofyekwa, mfuko wa upepo uliochanika, na mlima ambao ubavuni mwake limekaa jiwe moja kubwa jeupe. Mzee alitakiwa afike kiwanjani saa moja asubuhi, afukuze mbuzi, asimame chini ya mfuko wa upepo na kulitazama jiwe. Likionekana, ndege inaweza kuja. Lisipoonekana, wingu limeshuka, na rubani abaki Kampala. Aryemo aliandika daftarini saa, upepo, na jiwe. Basi.

Jumatatu aliandika kwamba jiwe linaonekana. Aliandika huku akisikia sauti ya kinu cha kusaga unga kwenye simu.

Kinu kiko senta, kwenye maduka, kilomita nne kutoka kiwanjani. Ukiwa senta unaona mgongo wa mlima tu, na mgongo wa mlima hauna jiwe. Aryemo aliolewa kule, alijua. Na haikuwa mara ya kwanza kukisikia kile kinu. Tangu Februari, tairi la baiskeli ya mzee lilipopasuka na kampuni ikakawia kumpa lingine, alikuwa anakisikia siku tatu, siku nne kwa wiki. Mzee ana miaka sitini na nane na goti moja baya. Alikuwa anatazama mbingu za senta, anakisia, anajibu.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini Aryemo hakumwambia neno. Huyo hajawahi kuwa mkamwana wa watu. Kwao mke hamhoji baba wa mumewe. Hamtaji jina, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni akisema. Hata daftarini alikuwa anaandika "mlinzi", na alipokuwa anazungumza naye kwenye simu alikunja magoti kando ya kiti, wenzake ofisini wakamcheka mpaka wakachoka. Mke kama huyo amuulize mzee wa watu, uko wapi sasa hivi? Ni ulimi gani ungelitoa neno hilo? Alikuwa amemtafutia ile kazi yeye mwenyewe, kwa nia njema, ili mzee apate cha kununulia dawa ya goti. Hakujua kwamba alikuwa anafunga fundo ambalo hangeweza kulifungua.

Mzee alikunywa chai nusu kikombe. Mjukuu wake, Joska, alimletea kiti cha plastiki kingine aweke mguu wenye goti bovu. Akashukuru, lakini hakuuweka.

 

Ofisini, kando ya kiwanja ilikotoka ile ndege, mvua ilikuwa imemtangulia Aryemo. Mlinzi wa geti, aliyezoea kumwita Mama Joska na kumuuliza mtoto, siku hiyo alimsukumia daftari la wageni aandike jina na saa. Aryemo aliandika. Alikuwa amepita getini hapo miaka minne bila kuandika.

Bwana Cleopas, mwenye kampuni, alikuwa mwanajeshi zamani, na Kiswahili chake kilibaki kile cha kambini, cha kuamuru. Siku hiyo, hata hivyo, alijitahidi kuwa mpole, na upole wake ulimchosha Aryemo kuliko makaripio. Alimkalisha. Alimuuliza kama amekula. Kisha akafungua daftari la hali ya anga kwenye ukurasa wa Jumatatu, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Hapa pako wazi," alisema. "Andika hapa: rubani ameambiwa angojee, amekataa. Kalamu ile ile. Kesho wachunguzi wanakuja."

Aryemo alisema kwa sauti ndogo kwamba Guerschom hakuambiwa angoje.

"Wewe unataka nani aumie, Mama Joska? Mimi nimeuliza watu Pakoro. Mzee wako alikuwa senta. Sasa wewe ulijua, au hukujua?"

Aryemo alikitazama kile kidole.

"Basi. Mimi nasaidia wewe hapa, sijisaidii mimi."

Ubaya wa jambo ni kwamba hakuwa anadanganya kabisa. Mstari ule mmoja ungemponya kila mtu: mwenye ndege, karani, na mzee wa goti. Ungemuumiza marehemu peke yake, na marehemu hana la kujibu. Aryemo aliinua macho ukutani, kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu hakuweza kuendelea kukitazama kile kidole. Pale, kati ya kalenda na orodha ya namba za simu, lilikuwa limebanwa ombi la tairi na tyubu ya baiskeli ya mlinzi wa Pakoro. Alilichapa mwenyewe, tarehe kumi na moja Februari. Cleopas alikuwa ameandika juu yake "baadaye" na kutia sahihi, akalibana, na tangu hapo amepita mbele yake kila siku bila kuliona.

Aryemo alisema ataandika. Cleopas akasema vizuri, aandike kesho mapema kabla wachunguzi hawajafika, mkono ukiwa umetulia. Akaongeza, wakati Aryemo yuko mlangoni, kwamba kanisani kwa kina Guerschom amekwisha kutuma salamu za pole na maelezo ya ajali, ili watu wasibabaike na uvumi.

 

Teksi ilimfikisha mjini, akashuka mpaka Nakivubo kwa miguu, kwa kuwa mfereji ulikuwa umefurika na magari yamesimama. Wauzaji wa viatu walikuwa wamevibeba vichwani, maji ya rangi ya chai yanawafika kwenye mashavu ya miguu. Kwenye soko la Owino alinunua kilo mbili za sukari, muuzaji akazifunga mara tatu kwa ajili ya mvua. Aliona haya kwenda matangani na sukari. Angeona haya zaidi kwenda mikono mitupu.

Guerschom alikuwa Mkongomani wa Bunia, amepanga Katwe na mkewe Séraphine na binti yao Reine. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kutoka mlangoni mpaka kwenye ukuta wa jirani, na kila mara mtu mmoja aliinuka na ufagio kulisukuma lile tumbo la maji juu yake. Wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba polepole. Walipomwona Aryemo na sare yake ya kampuni wimbo haukukatika, ila ulipungua, na nafasi aliyoachiwa mkekani ilikuwa kubwa kuliko alivyohitaji.

Séraphine hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amelia akamaliza, akabaki na kazi. Alipokea sukari, akampa mtu, akasogea karibu.

"Mama Joska, wewe ndiye unakaa pale ofisini, dirishani. Minakuuliza kitu moja tu. Asubuhi ile, aliuliza?"

Séraphine aliendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Alisema mumewe alimwapia siku alipopata leseni kwamba hataruka hata siku moja bila kuuliza mbingu ya kule anakokwenda, kwa sababu kule kwao aliona ndege nyingi zimeangushwa na watu wenye haraka. Sasa mchungaji amesoma ujumbe wa kampuni mbele ya watu, kwamba Guerschom alikatazwa akakaidi. Wazee wa kanisa wameanza kusema mtu wa namna hiyo amemjaribu Mungu. Shuleni wamemwambia Reine baba yake amejiua kwa kiburi.

"Kama alikaidi, uniambie. Nitajua nimeolewa na mtu gani. Kama aliuliza, uniambie."

Wanawake walikuwa wameacha kuimba. Mwenye ufagio naye alisimama, ufagio mkononi. Aryemo alihisi macho yote mgongoni na kidole cha Cleopas kifuani, na akamwona mzee kule Wandegeya na kikombe chake cha chai nusu. Mdomo wake ulifunguka, ukasema jambo ambalo hakulipanga.

"Sikuwa dirishani, Mama Reine. Wakati ule nilikuwa nimetoka kidogo."

Séraphine alimtazama kitambo, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyekosa kitu katika duka moja na anajua hakuna la pili. Akamwambia asante kwa sukari.

 

Jioni Ocira alivua viatu akaviweka nje, akamsikiliza mkewe mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa polisi kwa miaka kumi na mmoja, ameandika maelezo ya watu mpaka vidole vikaota sugu, na alijua karatasi inamfanya nini mtu. Alimwambia mkewe aandike. Alisema wachunguzi wakijua mzee alikuwa senta, watampeleka mahali, na akipelekwa na goti lile hatarudi. Alisema yeye Aryemo atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na labda atamfuata mzee huko huko.

"Guerschom hakamatwi tena," alisema. "Ninyi wawili mtakamatwa. Mimi nachagua wenye kukamatwa."

Yote hayo aliyasema kwa Kiacholi na kwa sauti ya chini, lakini pazia ni pazia tu. Ocira alipotoka kwenda zamu ya usiku, mzee aliita kutoka upande wa pili. Hakuita jina. Alisema tu, mama wa mtoto.

Aryemo alikwenda, akapiga magoti sakafuni, macho kwenye mkeka. Joska alikuwa amelala. Mzee alikuwa amekunja koti lake la zamani la jeshi mapajani na anakitafuta kifungo ambacho hakikuwepo.

"Siku ile," mzee alisema, "ulisikia kinu?"

"Nilisikia, Baba."

"Na siku za nyuma?"

"Nilisikia."

"Mimi nilijua unasikia. Kila mara nilisema moyoni, leo ataniuliza. Akiniuliza nitaona haya, kesho nitatembea. Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje, Baba?"

Mzee aliifikiria hiyo kama swali la kweli. Mwisho akasema ni kweli, asingeweza. Akasema na yeye asingeweza kumwambia mke wa mwanawe kwamba goti limemshinda, bora aseme jiwe linaonekana. Sauti yake ilikatika hapo. Aryemo hakuwahi kumsikia mzee analia, na hakujua mkamwana anatakiwa kufanya nini hapo, kwa hiyo alibaki alipokuwa, magoti yanauma, mpaka mzee alipojifuta uso kwa koti.

"Kesho nitakwenda na wewe," alisema. "Mimi nitasema ya kwangu. Wewe ya kwako utajua mwenyewe."

 

Mchunguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kijana wa kumwandikia. Alifika saa mbili kamili, nusu saa mapema, na kwa hiyo mstari wa chini bado ulikuwa wazi. Labda Aryemo alichelewa makusudi kukaa mezani, labda ni goti la mzee tu lililowachelewesha njiani. Yeye mwenyewe hakujua. Cleopas alimtazama, akatazama daftari, akatabasamu na kuanza kueleza kwamba rubani alikuwa mtu hodari lakini msumbufu kushauriwa.

Yule mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwomba karani aseme yeye.

Aryemo alisimama. Alikwenda ubaoni kwanza, akang'oa pini, akaiweka karatasi ya tairi mbele ya yule mama. Kisha akasema. Alisema kuhusu jiwe, na senta, na kinu. Alisema yule mlinzi ni baba wa mumewe na yuko nje chini ya paa, amekuja kwa miguu yake. Alisema rubani hakuambiwa angoje na mtu yeyote. Hakulia, na hakuna aliyemkatiza isipokuwa simu ya Cleopas, ambayo mwenyewe alitoka nayo nje na hakurudi. Yule mama aliuliza maswali machache, yote ya saa na umbali. Lile la mwisho lilikuwa: kwa nini uliandika jambo ulilojua si kweli?

Aryemo alijaribu kueleza habari ya mkamwana na baba mkwe. Akajisikia anavyosikika. Kijana wa kuandika alisita, hajui aandike nini.

"Niliogopa aibu," alisema mwishowe, na kijana akaliandika hilo.

Mzee aliingia baada yake, kofia mkononi, akakaa ndani saa nzima. Walipotoka mlinzi wa geti aliwarudishia daftari la wageni waandike saa ya kutoka. Kitambulisho cha kazi cha Aryemo kilibaki pale. Hawakukamatwa, waliambiwa wasiondoke mjini mpaka waitwe. Ocira hakuwa amepokea simu tangu asubuhi.

"Twende nyumbani," alisema mzee.

"Tangulia, Baba. Mimi nina mahali."

 

Katwe turubai lilikuwa linakunjwa. Séraphine alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria kubwa la kuazima, majivu mpaka viwikoni. Hakuinuka. Aryemo alianza kukunja magoti kwa mazoea, mwenzake akamzuia kwa mkono mchafu.

"Hapana. Sema umesimama."

Akasema huku amesimama. Alisema jana alimdanganya, alikuwa dirishani, alikuwapo tangu saa moja.

"Aliuliza, Mama Reine. Aliuliza mara mbili. Kwanza aliniuliza jiwe linaonekana, nikamwambia linaonekana. Akaenda mpaka kwenye ndege. Akatazama juu, akarudi. Akaniuliza, mzee ameliona kwa macho yake mwenyewe? Nilijua hajaliona. Nikasema ameliona."

Séraphine aliendelea kusugua sufuria mahali pamoja. Aryemo alingoja matusi, alingoja kofi, na kwa kweli alivitamani, maana alikuwa amechoka kubeba kitu kile peke yake. Havikuja. Séraphine alisuuza mikono, akaikausha kwenye kitenge, akageuza uso mlangoni.

"Reine. Kuja huku."

Msichana wa miaka tisa alitoka na sare ya shule, soksi moja imeshuka.

"Sema tena," Séraphine alimwambia Aryemo. "Sema yote, na ile ya mwisho. Mtoto asikie kwa mdomo wako."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko mbele ya mchunguzi. Alisema yote, hata ile ya mwisho. Reine alimtazama usoni muda wote, kama watoto wanavyotazama, bila huruma na bila ubaya.

"Papa aliuliza mara mbili?"

"Mara mbili."

"Halafu wewe ulimdanganya."

"Nilimdanganya."

Msichana alivuta soksi yake juu, akatoka kwenda uani. Séraphine akarudi kwenye sufuria. Alisema Jumapili atamtaka aje kanisani aseme vile vile mbele ya mchungaji, Aryemo akasema atakuja. Alisema asidhani kwamba wameelewana. Aryemo akasema hadhani. Kisha Séraphine akamwambia aende sasa, mvua inarudi.

Njia ilipita nyuma ya nyumba, kando ya ukuta ambako watoto wa majirani walikuwa wanacheza kwenye matope. Aryemo alimsikia Reine kabla ya kumwona. Hakuwa anajisifu wala analia. Alikuwa anawasahihisha wenzake, taratibu, kama mtu anayewafundisha hesabu waliyokosea, kwamba baba yake aliuliza, kisha akarudi akauliza tena.

Mmoja wao akamuuliza nani amesema.

"Yule mama wa dirishani," Reine alisema. "Yule anapita."

Wote waligeuka wakamtazama. Aryemo alisimama kidogo ili wamwone vizuri, kisha akaendelea na njia.